Sauti ya Simu, Ramani ya Simu, Ramani Iliyochapishwa au Macho Yako: Kipi Kinakujengea Picha ya Mji?

Mtu anayehamia katika mji asioujua ana njia nne kuu za kuufahamu. Anaweza kuiachia programu ya simu imwambie kwa sauti mahali pa kupinda. Anaweza kufungua ramani ya simu hiyohiyo bila kuomba maelekezo, akaisoma na kujipangia njia mwenyewe. Anaweza kutegemea ramani iliyochapishwa, iwe ya karatasi au ile inayowekwa kwenye mabango ya barabarani na vituoni. Na anaweza kutembea akifuata alama anazoziona na kuuliza watu anapokwama. Zote nne humfikisha. Tofauti yake hujitokeza baadaye, siku simu inapoishiwa chaji, barabara inapofungwa kwa ukarabati, au mgeni anapomuuliza kituo cha treni kiko upande gani naye akashindwa hata kunyoosha kidole.

Ulinganisho huu haukusudii kuamua ni njia ipi inayokufikisha mapema zaidi, kwani mahali penye foleni na barabara nyingi, programu inayopokea taarifa za msongamano kila wakati humshinda karibu kila dereva. Ninachopima hapa ni kile kinachobaki kichwani baada ya safari, pamoja na swali la nani aliyeamua sehemu ipi ya mji ionekane na ipi isionekane. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: karatasi na kioo cha simu havitofautiani sana kama watu wanavyodhani. Kinachotofautisha njia hizi ni nani anayeamua unapofika njia panda, na kama unapoamua unaiona sehemu ya mji iliyo nje ya njia yako.

Picha ya mji na vipande vyake

Wazo la ramani ya akilini lilipata nguvu mwaka 1948, pale mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alipoeleza majaribio yaliyoonyesha kwamba panya waliozoeshwa njia fulani ya kufikia chakula hawakuwa wamekariri mfuatano wa kupinda tu. Njia waliyoizoea ilipozibwa na nyingine nyingi kufunguliwa, idadi kubwa yao walichagua ile iliyoelekea upande chakula kilikokuwa. Baadaye John O'Keefe aligundua katika hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, seli zinazoamka mnyama anapokuwa mahali mahususi, na May-Britt na Edvard Moser wakagundua seli nyingine, katika sehemu ya jirani, zinazofanya kazi kama mistari ya vipimo kwenye ramani. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Kwa anayetaka kuchagua kifaa, hata hivyo, mtu wa kusikilizwa zaidi ni Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani aliyewahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles na kuchapisha matokeo yake mwaka 1960. Aliona kwamba picha ambayo mkazi huibeba akilini hujengwa na vitu vitano: njia, mipaka kama vile mto au reli, maeneo yenye sura yake yenyewe, makutano, na alama zinazoonekana kwa urahisi. Orodha hii ilitangulia simu janja kwa karibu nusu karne, lakini ndiyo mizani inayofaa zaidi kuzipimia programu za leo. Mbele ya kila kifaa tunaweza kuuliza: katika vitu hivi vitano, hiki kinanipa vingapi?

Sauti inayokuongoza

Maelekezo ya sauti hukupa makutano, tena yale tu unayopaswa kupinda, pamoja na vipande vya njia vinavyoyaunganisha. Mipaka haitajwi. Huambiwi kwamba sasa unavuka reli inayougawa mji pande mbili, wala kwamba umetoka mtaa wa viwanda na kuingia mtaa wa makazi. Alama hutajwa kwa nadra, na umbali hutolewa kwa mita, kipimo ambacho wengi wetu hatukioni kwa macho tunapotembea. Kwa hiyo hata kabla ya kufungua utafiti wowote, mtu anaweza kutabiri kwamba mji utakaojengwa kwa njia hii utakuwa na nyuzi nyingi zisizoshikamana.

Utafiti unaunga mkono utabiri huo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2008 Toru Ishikawa na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya nchini Japani, ambapo watu walitembea kwa miguu katika eneo wasilolijua wakiwa katika makundi matatu: waliotumia kifaa cha setilaiti, waliotumia ramani ya karatasi, na waliokuwa wameonyeshwa njia mara moja kabla ya kuipita wenyewe. Waliotumia kifaa walitembea umbali mrefu zaidi na kusimama mara nyingi zaidi kuliko makundi mengine mawili, na walipolinganishwa na wale walioonyeshwa njia, walikosea zaidi kuonyesha mielekeo na ramani walizochora baadaye zilikuwa na makosa zaidi ya jinsi sehemu zinavyoungana. Ni kweli kwamba vifaa vya wakati ule vilikuwa duni kuliko simu za leo, na kwa sababu hiyo nisingeutumia utafiti huo kudai kwamba simu hukuchelewesha. Lakini lile suala la mchoro halitokani na ubovu wa kifaa. Linatokana na jinsi kinavyotumika.

Maelezo ya kinachotokea ubongoni yalikuja mwaka 2017, kutoka kwa watafiti wa London wakiwemo Amir-Homayoun Javadi na Hugo Spiers. Washiriki waliozoeshwa mitaa ya Soho, katikati ya London, waliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaipita mitaa hiyo kwa njia ya filamu. Walipojitafutia njia, shughuli ya hipokampasi iliongezeka kila walipoingia mtaa mpya, na iliongezeka zaidi pale mtaa huo ulipokuwa umeungana na mitaa mingi. Walipofuata maelekezo waliyopewa, ongezeko hilo halikuonekana. Mitaa ilikuwa ileile na macho yalikuwa yaleyale, isipokuwa kazi ya kupima uwezekano ilikuwa imeondolewa.

Mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot walichapisha utafiti uliohusisha madereva 50, wakaona kwamba waliotumia vifaa vya kuelekeza kwa wingi zaidi katika maisha yao walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya mahali walipotakiwa kujiongoza wenyewe. Waliporudi kuwapima baadhi yao baada ya miaka 3, walioendelea kutumia vifaa zaidi walikuwa wameshuka zaidi. Mtu anaweza kupinga kwamba labda wasiojua njia ndio wanaokimbilia vifaa. Watafiti waliliangalia hilo, na hawakuona kwamba watumiaji wakubwa walikuwa ni watu waliojihisi kuwa hupotea kwa urahisi. Hata hivyo waliopimwa mara ya pili walikuwa 13 tu, idadi ndogo mno ya kumtisha mtu aitupe simu yake.

Kuna hasara nyingine ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha. Zamani hata mtu asiyependa ramani aliujua mji wake kwa kurudia: njia ya kwenda kazini ilikuwa ileile kila siku, na alama zake zikajichora zenyewe. Programu inayokwepa foleni huvunja marudio hayo. Leo inakupitisha barabara kuu, kesho inakuchepusha kwenye mitaa ya ndani, keshokutwa inakuzungusha upande wa pili, na kila siku inakuwa kama siku ya kwanza. Wenyeji wa mitaa hiyo ya ndani nao huathirika. Mwaka 2018 mji mdogo wa Leonia, katika jimbo la New Jersey, ulifunga mitaa yake ipatayo 60 kwa wasio wakazi nyakati za msongamano, kwa sababu programu zilikuwa zikiwamiminia magari yaliyokuwa yakielekea New York. Madereva hao walipita katikati ya mji, na nathubutu kusema wengi wao wasingeweza kuutaja kwa jina.

Pamoja na hayo yote, sauti ina mahali ambapo haina mpinzani. Anayeendesha gari usiku, mvua ikinyesha, katika barabara zenye njia sita na michepuko inayokuja ghafla, anapaswa kuweka macho barabarani, na kumtaka ajenge picha ya mji wakati huo ni kumtakia ajali. Kwa mtu asiyeona, maelekezo ya sauti humfungulia mji ambao vinginevyo angeufikia kwa kushikwa mkono tu. Vilevile kasoro yake kuu inaweza kupunguzwa: katika majaribio ya Klaus Gramann na wenzake, sauti iliyotaja alama iliyopo kwenye makutano, badala ya kusema tu "pinda kulia", iliwaachia watumiaji kumbukumbu bora ya mazingira bila wao kujitahidi kujifunza. Kama programu yako ina mpangilio wa namna hiyo, uwashe.

Ramani ya simu bila njia iliyochorwa

Hapa kifaa hakijabadilika. Kilichobadilika ni mkono unaokitumia. Ukifungua ramani bila kuomba maelekezo, vitu vyote vitano vya Lynch vinaonekana pamoja: mto unajipinda, reli inakata, maeneo yanatengana, na njia yako ni moja kati ya nyingi. Faida ya kuanzia juu namna hii ilipimwa zamani. Mwaka 1982 Perry Thorndyke na Barbara Hayes-Roth waliwalinganisha watu waliojifunza jengo kubwa kwa kusoma ramani yake na watu waliofanya kazi ndani yake kwa muda. Wasomaji wa ramani walikadiria vizuri zaidi umbali wa mstari ulionyooka kati ya sehemu mbili. Waliotembea ndani ya jengo waliwazidi katika kukadiria urefu wa njia inayopitwa kwa miguu na katika kuonyesha upande ambao mahali fulani pako. Na waliotembea kwa muda mrefu waliendelea kuongeza ujuzi, hata pengo la mwanzo likapungua. Ramani, kwa maneno mengine, inakupa kwa haraka kile ambacho miguu inakupa kwa miezi, ila haikupi kila kitu ambacho miguu inakupa.

Jambo dogo linalobadilisha matokeo ni upande ambao ramani imeelekea. Simu nyingi, zinapokuongoza, huizungusha ramani ili uelekeo wako uwe juu daima. Hilo huharakisha uamuzi wa kupinda, lakini mji hauna tena umbo moja: kila ukipinda unaona umbo jipya. Kaskazini ikibaki juu, unalazimika kufanya kazi ya kugeuza kichwani, ambayo inachosha mwanzoni, na ndiyo inayofanya mto uwe upande uleule kila unapoufikiria. Kati ya mipangilio yote ya simu, sijui mwingine unaogharimu kidogo na kulipa sana kuliko huu.

Tahadhari ni kwamba ramani ya simu haina utulivu wa karatasi. Kioo ni kidogo, kwa hiyo unaona ama mtaa wako bila mji, ama mji bila mitaa. Zaidi ya hapo, kinachoonekana kimechaguliwa. Tangu mwaka 2016 Google Maps hupaka rangi maeneo inayoyahesabu kuwa ya kuvutia, yaani yenye mkusanyiko wa migahawa, baa na maduka. Mtaa wenye shule, viwanja vya michezo na nyumba za ibada lakini maduka machache unaweza kubaki bila rangi, na jicho la mgeni huteleza juu yake kana kwamba hapo hakuna mji. Alama, ambazo kwa Lynch zilikuwa mnara, kilima au jengo la pekee, zinageuka kuwa biashara zenye jina kwenye kompyuta.

Majina nayo yana nguvu hiyo. Huko Detroit, mtaa uliojulikana kama Fishkorn ulionekana kwenye ramani ya mtandaoni kama Fiskhorn kwa sababu ya kosa la uandishi, na jina hilo la makosa likaenea kwingine. Huko San Francisco, jina East Cut, lililobuniwa na kundi la wakazi lililotaka kuutangaza mtaa wao, lilipoingia kwenye ramani mwaka 2018 likaanza kutumiwa kama kwamba limekuwapo tangu zamani. Ramani za karatasi nazo ziliwahi kukosea, lakini kosa lake lilikaa kwenye nakala zilizochapishwa. La leo huonekana kwenye simu za mji mzima siku hiyohiyo. Anayetaka kujilinda anaweza kulinganisha na OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayohaririwa na watu wa kujitolea, ambayo mara nyingi huonyesha vijia, visima na madawati ambavyo ramani za kibiashara huviacha.

Ramani iliyochapishwa

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa faida kubwa ya karatasi, ukubwa wake unaokuonyesha mtaa na mji mzima kwa wakati mmoja, haihitaji utetezi, na hasara yake, kuzeeka tangu siku ya kuchapwa, haihitaji mashtaka. Aina mbili tu zinastahili kutajwa kwa sababu zinafanya mambo yanayokinzana.

Ya kwanza ni mabango ya watembea kwa miguu yanayoitwa Legible London, yaliyoanza kujaribiwa mwaka 2007. Ramani ya kila bango imegeuzwa ielekee upande ambao msomaji ameelekea, ina michoro ya majengo yanayotambulika, na ina duara linaloonyesha unaweza kufika wapi kwa kutembea dakika chache. Duara hilo ni wazo la maana sana, kwa sababu humwonyesha mtu kwamba vituo viwili alivyovidhani kuwa mbali vinatenganishwa na mwendo mfupi wa miguu.

Ya pili ndiyo iliyomfanya mtu huyo avidhani mbali tangu mwanzo: ramani ya treni za chini ya ardhi ya London aliyoibuni Harry Beck na kuchapishwa mwaka 1933, yenye mistari iliyonyooshwa na nafasi kati ya vituo iliyosawazishwa. Ni rahisi kusoma kuliko ramani yoyote sahihi, na imeigwa na miji mingi duniani. Mtafiti Zhan Guo alionyesha mwaka 2011 kwamba abiria wa London waliochagua kati ya njia mbili waliathiriwa na urefu wa njia kwenye mchoro huo kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya walivyoathiriwa na muda halisi wa safari. Kwa hiyo anayedhani kwamba upotoshaji wa picha ya mji uliletwa na simu anaikosea historia. Ikiwa mji wako una treni nyingi, hapa programu ya simu inakusaidia kuwa mkweli zaidi, maana inakuambia dakika na siyo sentimita.

Macho na midomo

Ushahidi maarufu wa uwezo wa kichwa kisicho na kifaa ni madereva wa teksi wa London, wanaotakiwa kujua mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya mji, kabla ya kupewa leseni. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na mwaka 2011, pamoja na Katherine Woollett, akaonyesha kwamba ongezeko hilo lilitokea kwa waliofaulu mafunzo na halikutokea kwa walioshindwa. Mafunzo hayo huchukua miaka kadhaa. Ni ushahidi wa kile kinachowezekana, na hautuambii kwamba kila mkazi anapaswa kukifanya.

Kwa mtu wa kawaida, kutembea na kuuliza humpa alama na maeneo kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu mwenyeji anayekuelekeza hutaja kinachoonekana na jina ambalo watu wanalitumia. Udhaifu wake ni kwamba picha inayotokana huwa sahihi karibu na nyumbani na hafifu kwingine, na hunyoosha vilivyopinda. Stanley Milgram na Denise Jodelet walipowataka wakazi wa Paris wauchore mji wao katika miaka ya 1970, wengi mno waliuchora mto Seine ukiwa na kona ndogo kuliko uliyo nayo. Tena si kila mtu ana uhuru sawa wa kutangatanga na kumsimamisha mpita njia. Kwa wengi, hasa wanawake nyakati za usiku, njia hii ina bei ambayo haipimwi kwa dakika.

Na mji wenyewe una neno. Utafiti wa mwaka 2022 ulioongozwa na Antoine Coutrot, uliotumia mchezo wa simu uliochezwa na karibu watu 400,000 kutoka nchi 38, uliona kwamba waliokulia nje ya miji walijiongoza vizuri zaidi kuliko waliokulia mijini, na kwamba pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nchi ambazo miji yake imepangwa kwa mitaa iliyonyooka na kukatana kwa pembe za mraba. Waliokulia kwenye mitaa ya aina hiyo walikuwa na nafuu kidogo katika mazingira yanayofanana nayo. Kwa hiyo katika mji ulionyooka macho yako yatakutosha mapema, ilhali katika mji wa vichochoro vilivyojikunja utaihitaji ramani kwa muda mrefu zaidi, na utajifunza zaidi kwa kuihitaji.

Uchague nini

Ikiwa mji huo utaupitia siku mbili na hutarudi, tumia sauti bila kujisumbua. Picha ya mji ni mali ya mtu anayekaa. Ukiwa unaendesha kwa ajira na muda wako unahesabiwa na mtu mwingine, tumia sauti pia, lakini acha ramani ikiwa na kaskazini juu na uipunguze ionyeshe mji mzima kila unapomaliza safari, uone ulipotoka na ulipofika.

Ukiwa umehamia, ningekushauri mpangilio tofauti. Kabla ya kutoka, fungua ramani ya simu bila kuomba maelekezo, tafuta kwanza mpaka mmoja mkubwa, kama mto, reli au pwani, kisha makutano mawili au matatu utakayoyapita, halafu ifunge. Njiani itoe tu unapopotea, na kabla ya kuangalia ile nukta ya buluu, kisia kwanza ulipo. Safari za kurudi ndizo za kuanzia, kwa kuwa hazina saa ya miadi. Sauti ibaki kwa usiku, kwa mvua na kwa dharura.

Ukiwa unamwelekeza mzazi mzee au mtoto anayeanza kwenda shule peke yake, acha simu kabisa katika safari za mwanzo, mpitishe njia moja ileile, na umtake yeye ndiye akuambie mnapinda wapi.